Kinasa Sauti Nyuma ya Pudini

Jumatano, 9 Oktoba 2024
Podikasti ya kanisa letu la Kibaptisti ina wasikilizaji tisa. Wawili ni mimi: simu yangu na kompyuta yangu. Ya Wamethodisti wa ng'ambo ya barabara ina mia mbili na kumi! Curtis, mtangazaji wao, ameniuliza dukani kama bado tunajihubiria wenyewe. Nimecheka. Kwa meno tu.
Dawa nimeipata. Watu hawataki hubiri, wanataka habari za watu. Leo kwenye maombi ya Jumatano nilificha kinasa sauti nyuma ya bakuli la pudini ya ndizi. Kila mtu akasimama, akaeleza haja zake za kuombewa.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kipindi kimetoka. Majina nimeyafuta yote. Mimi ni mtu wa utaratibu. Wasikilizaji mia tatu kabla ya saa sita! Curtis, umekwisha!

Ijumaa, 11 Oktoba
Aibu. Mji wetu mzima, hapa Tennessee, una watu mia sita. Nani asiyekijua kikohozi cha Dada Opal, bibi mzee wa kanisa letu? Miaka miwili ametuambia mwanawe Rusty yuko Alaska, kwenye visima vya mafuta. Jumatano aliomba tumwombee, kumbe yuko gerezani. Leo mwenye duka kamwuliza Dada Opal, mwanawe anatoka lini. Mama wa watu kaacha toroli limejaa, kaondoka.
Nimekifuta kipindi. Mke wangu Darlene hanisemeshi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimempelekea Dada Opal viazi vya kuoka na jibini. Ndiye aliyenifundisha Shule ya Jumapili. Kanipokea mlangoni. Akasema, Delbert mwanangu, chakula hiki huletwa kwenye msiba, sasa nani kafa? Akasema kuanzia leo atasali jikoni kwake, maana jiko lake halina wasikilizaji.
Nimelia garini. Mchungaji Whitlow ameniamuru niombe radhi kesho mbele ya kanisa zima.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimetubu. Nilisema yote, nikalia kweli. Safu ya pili, mahali pa Dada Opal, palikuwa na mto wake wa kukalia tu. Sitaisahau aibu hii. Hata Curtis alikuja, akakaa nyuma, akafuta macho.
Sauti imetoka safi ajabu. Kinasa nilikificha ndani ya tai yangu. Kipindi kinatoka saa moja jioni. Nimekiita "Nisamehe, Dada Opal".