Trekta ya Mama Mkwe na Choki Yangu

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Gatitu, kwa mama mkwe. Atakayeuokota auniletee polepole, bila maswali.

Mama mkwe ana trekta ya dizeli, kuukuu, aliyoachiwa na marehemu mzee. Nimeitamani tangu nioe. (Binti nilimpenda kwanza, naapa. Trekta ilifuata siku hiyohiyo.) Juzi akatangaza anaiuza! Mnunuzi angetoka Kutus leo, saa tatu asubuhi. Nikamsihi aniachie mimi, nitawalimia watu na nitaitunza. Mama mkwe si mtu wa maneno mengi.

"Baba Wambui, ukiwasha kabla huyo mtu afike, ni yako. Ikikataa, inaenda Kutus."

Sasa, baridi ya Julai ya hapa kwetu mnaijua. Dizeli kuukuu haiamki hivi hivi. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale na jiko la makaa, sufuria mbili za maji moto na maringo ya fundi. (Mimi si fundi. Nauza vioo vya madirisha.)

Kwanza nikavuta choki. Pikapu yangu ya petroli haiwaki asubuhi bila kuvuta choki, kile kifundo cha kando ya usukani. Trekta nayo ilikuwa na kifundo chake palepale. Nikakivuta mpaka mwisho, bila wasiwasi wowote. Kisha nikasukuma jiko chini ya injini ili oili ilainike, nikamimina maji moto kwenye rejeta, nikafunika boneti kwa blanketi la mama mkwe.

Mke wangu, Nyambura, akaniuliza, "Uko sure unajua hii kitu?"

"Wewe lete chai," nikamjibu. (Hilo neno nitalijutia mwaka mzima.)

Baada ya nusu saa nikaondoa jiko, nikapanda, nikazungusha ufunguo. Grrr, grrr, grrr! Haikushika. Nikarudisha jiko, nikaongeza makaa, nikajaribu tena. Wapi! Mara ya nne betri ikafa kabisa.

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Nikawahutubia kuhusu baridi na uzito wa oili. Walinisikiliza kwa heshima, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Saa tatu kamili mnunuzi akaingia. Akatazama trekta, akatazama jiko, akatazama blanketi.

"Sasa hapa unawasha ama unapika?"

Majirani wakaangua kicheko. Nikainama, nikajifanya napanga makaa.

Mama mkwe akatoka nyumbani na gambuti zake. Akaizunguka trekta mara moja, akachungulia karibu na usukani.

"Baba Wambui, ni nani alivuta hii?"

"Ni mimi, Mum. Ni choki."

"Ati choki? Dizeli haina choki! Hii ni ya kuzima. Ukivuta, mafuta inakatika."

Yaani saa mbili na nusu nzima nilikuwa napasha moto injini niliyoizima kwa mkono wangu mwenyewe! Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Mama mkwe akarudisha kifundo ndani kwa kidole kimoja, akapanda, akakaa. (Kumbe mzee alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akilima nayo. Sikujua. Sikuwa nimeuliza.)

"Sukumeni."

Tukasukuma kuelekea mteremkoni, mimi nikiwa bega kwa bega na yule mnunuzi. Hatukupiga hatua kumi. Trekta ikakohoa, ikanguruma, na moshi mweusi wote ukanijia mimi. Majirani wakapiga makofi. Si kwangu.

Mnunuzi, akihema, akasema, "Mathe, naichukua hata saa hii."

"Haiuzwi. Iko na mwenyewe."

Moyo wangu ukaruka! Nikajifuta masizi na kunyoosha mkono kupokea ufunguo. Mama mkwe akashuka, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo ya ua, akamkabidhi Nyambura.

"Huyu huuliza kwanza."

Nyambura ameniajiri tayari, kazi ya kusukuma. Naomba msicheke kwa sauti: bosi yumo humu kwenye grupu, na anasoma.