Chumba cha Mama Mkwe kwa Vipimo Vyangu

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe anahamia kwetu. Magoti yamegoma. Hawezi tena kukaa peke yake, na ngazi za kwetu hatazipanda hata kwa dawa. Kwa hiyo stoo ya chini, iliyopakana na chumba anachoshonea mke wangu, lazima iwe chumba cha kulala chenye choo na bafu lake. Nimefurahi, nasema kweli. Katika ukoo mzima wa mke wangu, mama mkwe ndiye pekee anayecheka mizaha yangu kabla sijaimaliza.

Tatizo ni Shemeji. Huyu kaka wa mke wangu ana nyumba yenye vigae mpaka uani, na anamtaka mama kwake. Mama hataki. Amemnong'oneza mke wangu kwenye simu kwamba kule haruhusiwi kugusa hata pazia, na kwamba kwetu hupata usingizi kwa sababu ya sauti ya cherehani. Shemeji ametoa sharti: mwisho wa mwezi aone ramani yenye mhuri wa msanifu majengo, la sivyo anamchukua mama. Mke wangu akasema tutafute msanifu, tena yuko mmoja... Sikumsikiliza mpaka mwisho. Mimi ni fundi saa. Napachika skurubu ndogo kuliko punje ya chumvi. Nitashindwa kuchora stoo? Ramani nitachora mwenyewe. Msanifu nitamtafuta kwa ajili ya ule mhuri tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimechora. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa kalamu za rangi mbili. Kwenye kona nimejichorea kijimeza cha saa zangu, kwa penseli hafifu, asijue mtu. Mke wangu alikiona kabla chai haijapoa. Kisha akauliza choo kiko wapi. Nilikuwa nimekisahau.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa msanifu aliyemjengea Shemeji. Ofisi ya vioo juu mpaka chini. Aliniuliza nataka chumba kiniambie nini. Nikamjibu kisiniambie kitu, kimlaze mama mkwe. Nikamfunulia kalenda. Aliitazama kwa makini, akausifu mpangilio wa rangi. Alikuwa anatazama upande wa picha.

Nilipoinama kumgeuzia, kiwiko changu kikagonga kielelezo cha jengo mezani na kung'oa mti mmoja. Mti mdogo tu, wa plastiki. Niliutia mfukoni kwa aibu. Ninao mpaka sasa. Siwezi kurudi kule.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi. Fundi viatu jirani yangu alinielekeza kwa Mzee wa Mhuri, ambaye huweka meza yake nje ya duka la fotokopi. Hakuuliza swali. Hakutazama hata upande wa picha. Akaupuliza mhuri, akagonga, basi. Nimetembea mpaka nyumbani nikipiga mluzi.

Baadaye. Mke wangu ameusoma mhuri. Umeandikwa IMEPOKELEWA. Aliuliza imepokelewa na nani. Hilo mhuri haukusema.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu ameacha kunishauri. Amenyanyua simu na kumwita mteja wake mmoja. Mama huyu hushonewa nguo hapa kwetu mwaka wa sita sasa, na mlango humfungulia mimi. Kwa vile viatu vyake vyeupe nilidhani ni nesi. Kumbe ni msanifu majengo, ana ofisi juu ya duka la miwani, mitaa miwili kutoka hapa. Mke wangu anasema ndiye aliyetaka kunitajia Jumatatu.

Ana mambo yake huyu Msanifu. Hakutoa penseli wala karatasi. Aligeuza ndoo, akaikalia katikati ya stoo, akanyamaza kama dakika kumi. Nilidhani anaumwa. Kisha akaomba namba ya mama mkwe, akampigia. Akamuuliza akiamka hutanguliza mguu upi, mkono upi hutafuta pa kushika, na dirisha alipendalo liwe kichwani au miguuni. Walizungumza dakika arobaini. Walicheka. Mama mkwe alicheka mpaka nikamsikia toka mlangoni. Nimeona wivu, siwezi kuficha.

Msanifu akasema ana kazi nje ya mji, atakuja Ijumaa na kifaa chake kupima. Nikamwambia asijisumbue, vipimo vyote ninavyo. Sikuwa nacho hata kimoja. Akasema vizuri, nimpelekee, atachora picha ya kwanza, ila mpaka apime mwenyewe tusibomoe kitu wala tusiagize kitu. Aliyasema hayo akimtazama mke wangu. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu alipotoka kupeleka nguo za watu nilichukua tepu yake kwenye msumari. Nimepima kila pembe. Pale penye dirisha, kati ya ukuta na ukuta, ndipo pa kitanda. Tepu huishia mia na hamsini, kwa hiyo nilitia alama ya penseli, nikaanza upya kutoka pale. Jumla mia mbili na tano. Nikarudia. Mia mbili na tano. Nikarudia tena. Jibu moja mara tatu. Vipimo nimempelekea Msanifu kwa simu, na chini yake nimeandika kwamba mpimaji ni fundi saa.

Jumatano, 13 Machi

Picha ya Msanifu imefika. Mlango mpana, choo karibu, vishikio upande wa kushoto kwa sababu mama mkwe hutafuta kwa mkono wa kushoto. Na kwenye ukuta wa chumba cha kushonea ameweka kidirisha kidogo, ili sauti ya cherehani ipite. Mke wangu alijifuta macho kwa kipande cha bitana. Mimi nilikwenda kutazama uani kidogo.

Chini ya karatasi ameandika: Vipimo havijathibitishwa. Msibomoe, msiagize. Nadhani wasanifu huwaandikia hivyo wateja wote. Mimi si wateja wote. Nimekwenda kwa seremala nikaagiza kitanda cha mninga cha mita mbili. Zinabaki sentimita tano za kupitisha vidole wakati wa kuchomeka shuka. Nimefikiria kila kitu. Nataka mama mkwe akute kitu kilichotoka kwangu, si kwa Msanifu, si kwa Shemeji. Kisha nikampigia Shemeji, nikamwambia kwa upole kwamba kitanda kinafika Ijumaa na ramani iko njiani.

Ijumaa, 15 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Msanifu alifika asubuhi na kifaa chake, akakiegemeza ukutani, kikatoa nukta nyekundu upande wa pili. Mia moja tisini na tano. Nikamwambia betri yake imechoka. Akapima tena. Mia moja tisini na tano. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mimi nimepima mara tatu. Akaniuliza kwa kutumia nini.

Mke wangu akaenda kuileta tepu. Aliishika mwanzoni ili nisome. Namba ya kwanza ni tano. Zile sentimita tano za mbele ziliungua na pasi mwaka juzi, akazikata, akarudishia kile kibati cha mwanzoni, na tangu hapo kila anapoiweka hupunguza tano kichwani. Nimeiweka mara mbili kwa kila kipimo, kwa hiyo nimejizawadia sentimita kumi ambazo hazipo duniani. Akaongeza kwamba aliyeichoma ni mimi, nikinyoosha shati la kuendea kwa Shemeji. Nilitazama tepu inaishia wapi, sikutazama inaanzia wapi.

Hapo ndipo seremala akagonga mlango. Kitanda kizuri ajabu. Tukakiingiza, tukakisukuma dirishani, kikagoma. Kimezidi sentimita tano. Seremala akauliza tukate kitanda au ukuta. Na wakati kimekaa mshazari katikati ya stoo, kimeziba mlango, mimi nikiwa upande wa ndani, nikasikia gari la Shemeji. Amemleta mama mkwe aje ajionee kwa macho yake.

Shemeji alichungulia juu ya kitanda. Alisema ndiyo maana watu huajiri wataalamu, na kwamba mama asingoje mwisho wa mwezi, aende naye leo. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliogopa. Nilimwona mama mkwe kule kwenye vigae, mikono mapajani, anaogopa kugusa pazia, na kosa ni langu.

Msanifu alikuwa amerudi kwenye ndoo yake. Akamuuliza mama mkwe kama atajali dirisha liwe upande badala ya kichwani. Kisha akasema kitanda kigeuzwe, kichwa kikae ukuta wa cherehani, chini ya pale kidirisha kitakapotobolewa. Kikageuzwa. Kikaingia, na mimi nikapata njia ya kutoka. Mama mkwe akaomba akikalie. Mke wangu akaenda upande wa pili akabonyeza cherehani. Mama mkwe akafumba macho.

Akafumbua, akamwambia Shemeji amletee begi lake kutoka kwenye gari; kumbe alikuja amefungasha. Shemeji akamwambia chumba bado, hata choo hakuna. Akajibu kwamba atalala kwenye kochi la chumba cha kushonea, huko nyuma amelala pabaya zaidi, na kwamba mkwe wake amemtengenezea kitanda. Kisha akanitazama na kuanza kucheka kabla sijasema chochote. Begi alilileta Shemeji mwenyewe.

Alhamisi, 28 Machi

Ramani imegongwa mhuri. Wa kweli. Nimemwonyesha Shemeji kila upande, pamoja na ule usio na kitu.

Jumapili, 19 Mei

Chumba kimekwisha. Vishikio viko kushoto, kidirisha kiko wazi, na mama mkwe anagusa kila pazia la nyumba hii. Kwenye rafu yake nimesimamisha ule mti wa plastiki. Ameupenda.

Leo amesema angependa kabati la nguo pale nyuma ya mlango. Mke wangu akasema Msanifu anakuja Jumanne kuchukua gauni lake, atapima mara moja. Nikaona ya nini kumsumbua mtu wa watu kwa kabati. Yaliyopita yamenifunza. Walipokwenda kupumzika nilishusha tepu ile ile kwenye msumari, na safari hii nilianza kwa kutazama mwanzo. Tano. Nikacheka peke yangu, maana sasa siri yake naijua. Tepu ilisema mia moja na ishirini. Sentimita tano zimepotea, kwa hiyo ni lazima zirudishwe. Nimejumlisha, nimeandika mia moja ishirini na tano, na seremala ameshaanza kukata mbao.