Ng'ombe wa Kishikwambi Ameniharibia Biashara

Sapiwi, Bariadi

Kwa Mwalimu Mkuu,

YAH: KUOMBA NG'OMBE WA DARASA LA NNE AONDOLEWE

Mhola, Mwalimu. Huku kwetu ni wazima wote, isipokuwa moyo wangu. Mimi ni Shigela, baba yake Kabula wa darasa la nne. Naandika kwa heshima zote, ingawa nimekasirika.

1. Mwalimu Gloria amewapa watoto kitabu cha mambo ya ng'ombe, kisicho na hadithi hata moja. Ukielekeza kishikwambi cha shule kwenye picha, ng'ombe anatokea kwenye kioo amesimama hapo hapo ulipo. Kabula alikuja navyo vyote viwili nyumbani nione. Nikaona dume mgeni katikati ya zizi langu, hana chapa ya mtu. Nikamtupia fimbo, ikavunja mtungi wa mama Kabula. Mtungi siudai.

2. Dume huyo anafunguliwa mdomo kwa kidole. Meno yanaonekana, na maandishi yanaeleza: yakiwa hivi ni kijana, yakishalika hivi ni mzee. Kabula, ambaye mwaka jana mstari mmoja ulimtoa jasho, sasa anamaliza ukurasa bila kupumua. Nani aliwaomba haraka hiyo?

3. Jumamosi alikuja Ndaki wa Nassa kununua ng'ombe wangu mweupe. Tulishaelewana kwamba bado kijana, amezaa mara moja tu. Kabula akamshika ng'ombe pua, akamfunua midomo, akatangaza mbele ya mgeni: "Baba, huyu wetu ni bibi." Ndaki alicheka mpaka akakaa chini, akanywa uji wangu, akaenda zake bila ng'ombe. Niliona aibu, Mwalimu. Na sikusema uongo. Umri wa ng'ombe ni maelewano ya watu wazima.

4. Sasa darasa zima linazunguka kufunua ng'ombe midomo. Sapiwi yote hakuna tena ng'ombe kijana.

5. Juzi nilipiga miayo, nikamkuta Kabula ananichungulia meno. Akanionea huruma tu.

Kwa hiyo naomba watoto warudishiwe hadithi za sungura na fisi. Sungura ni mwongo, lakini hajawahi kumkimbiza mteja wangu. Msipokiondoa kitabu hicho, namtoa Kabula shule, akachunge hao hao ng'ombe anaowasema. Nimeshamwambia, amelia, na mama yake hajanipa chai tangu hapo. Sirudi nyuma.

Nisalimie walimu wote, na mlinzi wa getini. Mwalimu Gloria naye msalimie, ila kidogo.

Mzazi mwenye uchungu,
Shigela Maige

N.B. Jumanne naenda mnadani Lalago kununua dume. Naomba Kabula apewe ruhusa ya siku hiyo anisindikize, na kishikwambi kiwe na chaji ya kutosha. Ile sehemu ya meno msiiguse kwanza. Wauzaji wa kule nawajua vizuri, ni watu kama mimi.