Malalamiko Dhidi ya Mke Mwenza Anayeishi Kwenye Friji

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Baraza la Usuluhishi la Kata,

YAH: KUTAMBULIWA RASMI KUWA MKE MDOGO

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba vumbi la kiangazi hiki halijawamaliza vifua. Mimi ni mke wa Prosperi Ngassa, mpiga picha, yule mzee wa kofia ya kaki anayezunguka hapa mjini Tabora na kamera shingoni. Ndoa yetu ni ya kanisani, ya mke mmoja. Kwa masikitiko nawaarifu kwamba mume wangu ameweka mwingine humo humo ndani. Si mwanamke. Ni filamu.

Msicheke kwanza. Ni filamu ya slaidi, ya rangi, ile ambayo ikisafishwa haitoi picha ya karatasi. Picha inabaki kwenye filamu yenyewe, kipande kidogo tu, unakitia kwenye projekta na kukimulika kwenye shuka jeupe. Kiwanda kimeacha kuitengeneza. Prosperi alipopata habari hiyo alijilaza kutwa nzima kama aliyefiwa, nami nikampikia uji. Kwa maneno yake, sasa imebaki moja tu nchi nzima, nayo anayo yeye. Malalamiko yangu ni haya:

1. Makazi. Filamu hiyo inakaa kwenye friji isiharibiwe na joto. Hilo sina neno. Lakini kiboksi chenyewe kinaenea kiganjani, na kimepewa rafu nzima ya juu, eti kisishike harufu ya samaki. Migebuka wangu, wanaokuja na treni kutoka Kigoma, wanalala kwenye ndoo sakafuni kama wageni waliokosa kitanda. Nikikisogeza kidogo ili niweke maziwa, anajua. Sijui anajuaje.

2. Usafiri. Tunakwenda mara kwa mara Kwihara, nje ya mji, kutazama kama mwanga unaifaa filamu. Ndiyo kazi yake siku hizi, kutazama mwanga. Kupiga picha amepumzika. Filamu inasafiri ndani ya chombo cha barafu, na chombo nakibeba mimi, kichwani. Babu zangu walikuwa wapagazi wa njia ile ile, wakipeleka pembe za ndovu pwani, na nasikia walau walipewa vitambaa. Mimi sijapewa hata leso. Tukifika, filamu inatafutiwa kivuli kwanza, halafu ndipo naulizwa kama nimechoka. Kisha mzee anatazama juu, anatikisa kichwa na kusema, "Bado, Mama Demetria. Tungoje mvua za kwanza zioshe vumbi." Tunarudi. Mvua zikija, analaumu mawingu.

3. Kanisani. Siku ya ubatizo wa mjukuu wetu nilifurahi, nikajua leo ndiyo leo. Filamu ilitolewa kwenye friji, ikavikwa kitambaa kilicholoweshwa maji, ikaketi benchi la mbele. Mimi nilisimama nyuma kwa kukosa nafasi. Mtoto akapigwa picha kwa simu. Filamu ikarudi nyumbani ilivyokuja, isipokuwa ilikuwa imebarikiwa.

4. Ng'ombe. Hapa ndipo penye kidonda, ndugu zangu. Prosperi amewahi kuwapiga slaidi maaskofu, wakulima wa Goweko na mabani yao ya kukaushia tumbaku, na ng'ombe mmoja wa Igunga. Ni ng'ombe mwenye pembe nzuri, sikatai. Aliliwa zamani. Lakini kila tukiwaonyesha majirani slaidi bado anasimama pale, mkubwa kama lori, na watu wanaguna kwa kumsifu. Shuka analosimama juu yake nalifua mimi, nalitundika mimi, na upepo ukivuma ni mimi ninayeshika ncha yake. Mimi mwenyewe sijawahi kumulikwa hapo hata mara moja. Siku ya harusi yetu Prosperi alikuwa bwana harusi, hivyo kamera alimkabidhi rafiki yake Ambrosi, na Ambrosi akatukata vichwa.

Wajukuu hunipiga kwa simu nikimenya viazi, na picha zinapotelea humo humo simuni. Nasema wazi kwamba inaniuma. Nataka na mimi niwe mkubwa juu ya lile shuka, kwa ule wekundu wa slaidi ambao simu haiujui, na majirani wanyamaze kidogo. Umri umekwenda, na sijui nimebakiza viangazi vingapi.

Basi, kwa kuwa mwenzangu ana chumba, ana mpagazi na ana kiti kanisani, ni dhahiri kwamba yeye ndiye mke mkubwa. Sigombani naye. Naomba tu Baraza linitambue mimi kuwa mke mdogo, nipate haki za mke mdogo: rafu moja ya friji, na zamu, yaani siku tatu mume atazame mwanga na siku tatu anitazame mimi. Jumapili apumzike.

Ikishindikana, aamriwe aitie filamu kwenye kamera na kunipiga mimi peke yangu, mwanzo mpaka mwisho, mpaka iishe. Mke mkubwa atakuwa ametutoka, nami nitampikia mfiwa uji kwa mara ya pili.

Niko tayari kuitwa siku yoyote isipokuwa siku ya treni ya samaki. Wasalimieni wote nyumbani, wakubwa shikamooni, na watoto wasisahauliwe.

Ni mimi niliyebanwa nyumbani mwangu,

Koleta Masolwa (Mama Demetria),
Mke Mdogo Mtarajiwa.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, umeme ulikatika, na mpaka jua linakuwa kali ulikuwa haujarudi. Friji ikaanza kuchuruzika maji. Prosperi akaitoa filamu, akasema, "Joto litaimaliza hii. Kavae lile gauni lako jekundu, nikupige wewe, yote, sasa hivi." Nikavaa. Nikasimama uani. Akaanza kukifungua kile kiboksi, nikamtazama usoni, nikaona sura ile ile ya siku ya uji, nikamnyang'anya. Nilikimbia nacho nikiwa na gauni langu hadi kwa jirani yetu Asmahani, mwenye friji ya sola, nikamwondolea nyama zake kwenye rafu nzima ya juu, kwa sababu ya harufu. Migebuka wangu wameoza ndooni. Naomba Baraza liahirishe shauri hili. Prosperi hajaacha kuniuliza kwa nini nilikataa, nami nimemwambia bado, tungoje mvua za kwanza zioshe vumbi.