Wamae Wanne Wavamia Kabati

Jumatatu, 22 Juni

Leo maisha yangu yameanza. Njoka, mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta anayefanya mafunzo ya kazi hapa shuleni, alikuja kwenye chama chetu cha kompyuta kutueleza kuhusu programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi mtandaoni. Mtu yeyote duniani anaweza kuusoma na kupendekeza marekebisho. Hata mtu wa Naro Moru! Hata mimi, Zachary Wamae wa kidato cha tatu, ninayekula chakula bila chumvi kwa kuogopa kuiomba!

Njoka mwenyewe alianza kwa kunyoosha sentensi moja kwenye maelezo ya programu fulani. Sasa Wabrazili humwomba ushauri. Akatusihi tuanze na kidogo, tusome kabla ya kuandika. Hapo nilikuwa nachonga penseli.

Halafu bomu. Likizo ijayo chuo chake kule Nyeri kitakaribisha watengenezaji wa programu huria kwa wiki nzima. Shule yetu ina nafasi moja. Ataipata yule ambaye rekebisho lake litakuwa la kwanza kukubaliwa.

Kananu, mwanachama mwenzangu anayechapa bila kutazama vidole, aligeuka na kuniambia, "Pole sana, Profesa." Nilikuwa na jibu kali mno. Nikafunga kamba za viatu.

Wiki nzima na watu wanaoongea kwa kuandika! Lazima niende.

Jumanne, 23 Juni

Nimechagua Kabati, programu huria inayoendesha maktaba yetu. Msimamizi wake ni Bi Solveig wa Norwe. Nimempendekezea jambo moja tu: Kabati yote iandikwe upya, nami niongoze. Nimeliita pendekezo langu Kabati Mpya, Bora Zaidi. Sijasoma msimbo wa Kabati ya zamani. Wa nini, kama unaondoka?

Nikaenda maktaba kuazima kitabu cha kompyuta. Bi Ngendo, mkutubi wetu, akakataa. Ati sijarudisha kitabu cha ufugaji wa nguruwe. Nguruwe! Nilikana kwa ukali, kwa kunong'ona. Akasema mashine haina sababu ya kunichukia.

Jumatano, 24 Juni

Bi Solveig amejibu. Ananishukuru. Jambo kubwa hivyo halijadiliwi mpaka watumiaji wengine waliunge mkono.

Kananu amerekebisha rangi ya kitufe katika programu ya ramani. Kitufe! Anasubiri kukubaliwa. Njoka amempongeza mbele ya watu wote.

Ijumaa, 26 Juni

Mapumziko ya katikati ya muhula. Nyumba ya cucu imejaa wajukuu. Nimewatazama wakigombania viazi, na mpango ukanijia. Hawa ndio watumiaji wengine!

Nimewakusanya binamu watatu: Griffins wa Kangema, Hezekiah wa gredi ya kumi hapa shuleni kwetu, na yule mrefu wa Kangari asiyejibu jina la ubatizo. Kila mmoja afungue akaunti na kuliunga mkono pendekezo langu. Watumie majina yao halisi, maana udanganyifu si tabia yangu.

Griffins akataka malipo: nimkamate jogoo wa cucu anayelala juu ya mparachichi, kazi aliyopewa yeye. Nilipanda. Jogoo akashuka. Nikashuka. Jogoo akapanda. Griffins akapiga kelele, "Wewe, hata kuku inakushinda, na unataka kuongoza Wazungu!" Mwishowe jogoo alinihurumia, akakubali kukamatwa.

Tukaingia wote kwenye Wi-Fi ya duka la shangazi Nduta. Griffins akaandika kwamba mimi ni kijana mwenye akili. Wa Kangari akanakili hayo hayo. Hezekiah, ambaye haongei ila kuhusu nguruwe, akaandika kwamba Kabati Mpya itawafaa wafugaji. Safi kabisa!

Jumamosi, 27 Juni

Aibu! Tumefungiwa wote wanne! Bi Solveig ametangaza mbele ya mradi mzima kwamba akaunti zetu zina jina moja, mji mmoja na mtandao mmoja. Wamae, Wamae, Wamae na Wamae. Anaona ni mtu mmoja anayejisifu.

Njoka akapiga simu. Aliuliza, kwa ule upole unaoumiza kuliko makelele, kama mimi ni watu wanne.

Kananu ametuma ujumbe. "Profesa, hamjambo?"

Jumapili, 28 Juni

Kwa mdomo mimi ni kondoo. Kwa maandishi ni simba. Baada ya kanisa nimemwandikia Bi Solveig barua pepe.

Nimemweleza kwamba kwetu kijana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba. Guka wetu alikuwa Wamae. Alizaa wana wa kiume wanne. Hesabu ifanyike! Nimeambatisha picha yetu kwenye ngazi za cucu, kila Wamae akiwa na sura yake. Cucu naye akaagiza, "Mwambie huyo mama akuje hapa nimuonyeshe. Kwani kwao hakuna mtu hukumbuka babu yake?" Nimeyaandika yote.

Hezekiah, aliyekuwa akisoma begani mwangu, akasema kile kitabu cha nguruwe yuko nacho yeye, chini ya godoro. Nikaongeza hilo mwishoni, kama kofi la kuagana: hata Kabati yenu inanisingizia nguruwe wa binamu yangu!

Jumanne, 30 Juni

Bi Solveig ameomba radhi! Ametufungulia! Na anasema kofi langu la kuagana limegonga hitilafu. Kabati ikiona wasomaji wawili wa shule moja wenye jina moja la mwisho, hudhani mtu amesajiliwa mara mbili na kuwaunganisha. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ameniomba niandike jaribio, yaani wasomaji wa mfano ambao programu lazima iwatofautishe kabla ya kusifiwa kuwa nzima. Njoka alikaa nami. Ilinibidi nisome msimbo wa zamani. Si mbaya. Nikawaweka Wamae wanne shule moja, kila mmoja na kitabu chake. Jaribio likaanguka, jambo ambalo ati ni zuri, maana limeinasa hitilafu. Nikatenganisha wasomaji kwa nambari ya usajili badala ya jina. Likapita! Mistari michache tu. Nimetuma.

Ijumaa, 3 Julai

LIMEKUBALIWA! Asubuhi! Kitufe cha Kananu kimekubaliwa mchana! Nyeri ni yangu!

Tangu leo, mtu yeyote duniani akigusa msimbo wa Kabati, kwanza Wamae wanne wa jaribio langu wanaingia maktaba na kuazima vitabu. Guka angevaa koti lake la Krismasi. Bi Ngendo amenipa kitabu cha kompyuta, na kuitazama mashine yake kwa jicho baya. Kananu akanipa mkono. "Profesa, umetuweza." Nikamjibu! Kwa sauti! Nilisema, "Ee."

Njoka ameniuliza nimejifunza nini. Kuanza na kidogo, nikasema. Kusoma kwanza. Kutokusanya jamaa wa kunisifu. Akafurahi sana.

Jioni nimefungua upya pendekezo la Kabati Mpya, Bora Zaidi. Bado linahitaji waungaji mkono, na Wamae sasa wanajulikana mpaka Norwe. Lakini ukoo wetu umejaa wasichana wanaoitwa Watiri, kama cucu, na ni wengi kuliko sisi. Nimeshawaandikia. Beth Watiri amejibu kwa niaba yao. Wamekubali.

Wanataka jogoo. Amebaki yule mkubwa, baba wa yule wa mparachichi.