Juu ya Ukuta wa Darasa la Pili na Ndoa Yangu

Kolwezi, tarehe 16 Novemba 1974

Kwa Citoyen Mukalay,
Rais wa Komite ya Wazazi wa shule ya kambi yetu

Kuhusu: ombi la kutukanwa ipasavyo

Citoyen Rais,

Kwa heshima yote inayostahili kiti unachokalia, naomba uvumilie karatasi hizi mbili, kwa kuwa katika mkutano sikupewa hata dakika mbili.

Mimi ni Ngeleka wa Mulumba, karani wa magazini, ghala la mgodi, yule anayegawa boliti na glavu. Jina langu la ubatizo, Tharcisse, nimeliweka chini, na sote tukawa Citoyen, yaani raia, kama serikali ilivyoagiza. Zamani nilikaa miaka miwili katika seminari ndogo, na mbali na minyoo, kitu pekee nilichotoka nacho ni somo la mantiki. Padri wetu alitufundisha kwamba anayemshambulia msemaji ili asijibu lililosemwa ametenda kosa la kufikiri. Anayemtukana mtu tu, alisema, ametenda kosa la adabu. Makosa hayo ni mawili, na Komite yako imeyachanganya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tarehe 12 Oktoba, mbele ya wazazi wote, nilisimama nikasema kwamba ukuta wa nyuma wa darasa la pili una ufa. Sikumtaja mtu. Nilieleza kwamba mwezi wa saba ufa ule uliingiza njiti ya kiberiti, na mwezi wa tisa ukaingiza kidole gumba. Nilieleza kwamba kila siku saa nane mchana, baruti zinapolipuliwa katika shimo la mgodi na sahani zetu zikalia kabatini, ufa unaongezeka, na sasa mvua zimeanza. Niliomba watoto arobaini na mmoja wahamishwe.

Ndipo Citoyen Kabongo, mwashi aliyejenga ukuta huo, akasimama. Alifunga kifungo cha koti lake la abakosti, akakusalimu wewe, akawasalimu wamama, kisha akasema kwa sauti ya kuhubiri: "Tata Rais, mi namuheshimia sana Citoyen Ngeleka. Lakini bibi yake alimukimbia. Mutu mwenye alishindwa kushikilia bibi, atatufundisha sisi namna ya kushikilia ukuta?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa aibu. Nawe ukamwambia katibu aandike: "Swali la Citoyen Ngeleka limejibiwa."

2. Halikujibiwa.

Ni kweli kwamba mke wangu Tshiela alipanda treni kwenda Kisenge kwa dada yake, na sasa ni miezi minane hajarudi. Sibishi. Naipika bukari yangu ya unga mwenyewe na inatoka na madonge. Inaniuma, na jioni nakaa mlangoni nikijifanya natengeneza redio. Lakini nimeukagua ukuta pande zote, Citoyen Rais, na hakuna mahali ambapo saruji yake imeshikana na ndoa yangu. Tshiela angerudi leo na masanduku yake yote, ufa usingepungua hata upana wa unywele.

3. Baada ya kicheko hicho alisimama Mama Ngalula, anayeuza unga wa mihogo karibu na kituo cha maji, na ambaye mjukuu wake yuko darasa la pili. Hakusalimu mtu. Alisema: "Weye Kabongo, bujinga yako inapita ya mbuzi! Mi nilienda kule asubuhi. Mukono yangu yote inaingia mu ule ukuta. Mutoe batoto!"

Naomba tulichunguze neno hilo kwa utulivu. Je, Citoyen Kabongo alitukanwa? Alitukanwa sana. Je, Mama Ngalula alisema kwamba ukuta ni mbovu kwa sababu Kabongo ni mbuzi? Hapana. Mbuzi alipita upande wake, na mkono ulioingia ukutani ukapita upande wake. Ukimwondoa mbuzi, ushahidi unabaki mzima. Lakini katika maneno ya Citoyen Kabongo, ukimwondoa mke wangu, kinabaki nini? Inabaki abakosti.

4. Wewe ulimshukuru Citoyen Kabongo kwa lugha yake nzuri. Mama Ngalula ulimwandikia barua, yenye muhuri, ya kumkataza kusema neno lolote juu ya mambo ya shule kwa muda wa miezi mitatu.

5. Mama Ngalula aliitii barua hiyo kikamilifu, na hapa ndipo natamani ungekuwepo. Jumatatu iliyofuata alifika shuleni, akashika ncha ya benchi la kwanza na kuanza kulivuta nje. Mwalimu, Citoyenne Tshibola, alimwuliza: "Mama, unafanya nini?" Mama Ngalula alitoa barua yako kifuani, akaonyesha muhuri, akaonyesha mdomo wake uliofungwa, akaendelea kuvuta. Benchi baada ya benchi, hadi kwenye kibaraza cha kanisa la jirani. Watoto wakamfuata kwa sababu walikuwa wamekalia mabenchi hayo. Jioni mlinzi aliyarudisha. Kesho yake Mama Ngalula akayavuta tena. Alifanya hivyo wiki tatu na zaidi, na siku ya pili mwalimu mwenyewe alikuwa ameshika ncha ya upande mwingine. Mimi nilisaidia siku nilizokuwa na zamu ya usiku. Hatukusemezana, maana alikatazwa, lakini siku moja aliniachia kibakuli cha unga, akanionyesha kwa mikono namna ya kukoroga.

Alhamisi tarehe 7 Novemba, saa nane, baruti zililipuka kama kawaida. Ukuta wa nyuma ulilala juu ya mahali pa darasa la pili, na nusu ya paa ikafuata. Watoto wote arobaini na mmoja walikuwa barazani wakiimba majina ya mito. Citoyenne Tshibola alikuwa ameingia ndani kuchukua chaki. Boriti ilimvunja mguu mahali pawili. Tulimtoa kwa mikono, Mama Ngalula na mimi na mlinzi, na mwalimu hakupiga kelele, aliuliza tu kama watoto wametimia. Nilihesabu mara tatu. Mpaka leo yuko hospitalini, na daktari hasemi kama atatembea bila fimbo.

6. Nilidhani kwamba baada ya hapo swali langu lingefunguliwa upya. Nilikuja kwenye mkutano wa tarehe 9 nikiwa nimevaa viatu. Citoyen Kabongo alisimama, akasalimu kama desturi yake, akasema: "Ukuta ulianguka, ndiyo. Lakini ni nani alitangulia kusema utaanguka? Mumuangalie muzuri ule mutu na mudomo yake."

Mkaniangalia. Wa kulia kwangu akasogeza kiti, wa kushoto naye akasogeza. Tangu siku hiyo nikienda kuchota maji, akina mama wanaondoa ndoo zao mbele yangu. Mwezi wa kumi nilikuwa mjinga asiye na mke asiyeweza kujua lolote juu ya kuta. Mwezi wa kumi na moja nimekuwa fundi mkubwa wa uchawi anayeziangusha kwa maneno. Katibu akaandika tena: limejibiwa.

Kwa hiyo, Citoyen Rais, nimefikiri kwa makini, na naleta maombi yafuatayo, yote madogo.

Kwanza, matusi yaruhusiwe rasmi katika mikutano ya Komite. Tusi halijawahi kuangusha ukuta. Lililouangusha ni hotuba iliyopigiwa makofi.

Pili, Mama Ngalula afunguliwe mdomo na kuteuliwa kuwa mwalimu wa wajumbe, Jumamosi asubuhi, ili awafundishe kumtukana mtu kwa ukamilifu na kisha kurudi kwenye jambo linalozungumzwa. Mjumbe asiyeweza kurudi kwenye jambo arudie darasa.

Tatu, Citoyen Kabongo aamriwe kunitukana hadharani. Aniite nyani, aniite mzizi wa mhogo uliooza, ataje na magoti yangu, ambayo ni mabaya kweli. Nitasimama wima kama katika kupandisha bendera. Nikishamaliza kutukanwa, ajibu swali moja: katika mchanganyiko ule, aliweka ndoo ngapi za mchanga kwa ndoo moja ya saruji?

Nne, akishindwa kujibu, atumwe Kisenge kwa treni ya kwanza kumrudisha mke wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kwamba ndoa na kuta ni kazi ya fundi mmoja.

Naamini Komite, ambayo imewahi kupitisha mambo magumu zaidi ya haya bila kuyasoma, haitakosa nafasi ya kupitisha yangu. Nakuomba uwafikishie salamu Mama Valérie wa nyumbani kwako, katibu na kalamu yake, wajumbe wote, hata waliosogeza viti, na watoto arobaini na mmoja ukiwaona barazani.

Wako katika utumishi wa kambi,

Ngeleka wa Mulumba,
karani wa magazini

Nyongeza: Citoyenne Mbuyu, mpiga chapa wa ofisi yetu, aliyeichapa barua hii, amethubutu kuniambia kwamba hoja yangu ina tundu. Eti ukuta ulianguka kwa sababu ya mchanga, wala si kwa sababu ya hotuba, na eti ombi la nne ni kosa lile lile ninalolilalamikia. Nakuomba usimsikilize. Kwao ni Mutshatsha, ambako watu wanajua makaa tu. Ana miaka ishirini na saba na hajaolewa, tena mashavu yake yana rangi mbili kwa sababu ya sabuni za kujichubua. Nyongeza hii nimeiandika kwa mkono kwa sababu amekataa kuichapa.