Nani Anamsogeza Sifongo?

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Siku ya kwanza maabara. Nilitaka kumwambia Daktari, mkuu wa maabara, kwamba nimefurahi kumfahamu. Nikasema ndiyo. Mara tatu. Hakuwa ameuliza kitu.

Tuko wawili: mimi na Binamu, binti wa Shangazi. Wiki moja ya majaribio, halafu mmoja anabaki mwaka mzima, mwingine anarudi nyumbani. Wa kurudi nyumbani si mimi. Naandika hapa ili ijulikane.

Binamu amenizidi siku kumi na moja. Anataka nimwite Dada. Thubutu!

Kazi yetu ni kumtunza sifongo wa maji baridi. Ni mnyama! Hana mdomo, hana tumbo, hana ubongo. Ana matundu tu, anachuja maji na kula vijidudu vilivyomo. Ukubwa wake kama ukucha wa kidole gumba, amejibandika kwenye kioo cha tangi. Daktari anasema wiki chache zilizopita alikuwa kidonge kidogo kuliko punje ya mtama, kimejaa seli zisizo na kazi. Zikatoka, kila moja ikajipatia kazi yake. (Mimi nimemaliza shule miezi mitatu iliyopita. Bado.)

Mama ameuliza kama nimesoma miaka yote hiyo nikaangalie sponji, wakati ya jikoni ipo na haina wa kuishika.

Saa nane Binamu alitabasamu peke yake. Kwa nini?

Jumanne, tarehe 4 Februari

Sifongo amesogea! Jana alikuwa juu ya mkwaruzo wa kioo. Leo ameupita kwa upana wa punje ya mchele. Hana miguu. Basi kuna mtu mwenye mikono. Binamu ana mikono miwili, na kila asubuhi hufika kabla yangu.

Njama naiona. Anamsukuma kidogo kidogo mpaka adondoke siku nikiwa karibu, mzembe niwe mimi.

Nimechukua rangi ya kucha ya Mama, ile nyekundu. Kabla ya kuondoka nimechora mstari nje ya kioo, ubavuni mwa sifongo. Nimeandika tarehe na saa. Ushahidi!

Jumatano, tarehe 5 Februari

Amevuka mstari. Nimechora mwingine.

Profesa mmoja alikuja kunywa chai na Daktari, wakaanza kubishana kuhusu ukoo wa wanyama wote, na sisi tumo. Nani alijitenga kwanza na wengine? Daktari anasema ni sifongo. Profesa anasema ni yule mnyama wa baharini, mlaini kama yavuyavu, mwenye safu za vitana mwilini. Mamia ya mamilioni ya miaka yamepita na bado watu wanagombania nani alitangulia kutoka nyumbani.

Binamu akadakia kwamba kwetu hilo halina ubishi, ni siku kumi na moja. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa na jibu kali sana. Lilinijia jioni, nikifua soksi.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Nimemwahi! Nilifika wa kwanza. Mstari umevukwa tena. Nikachora wa tatu, nikamwaga poda juu ya kifuniko cha tangi ili inase alama za vidole. Kifuniko kina matundu. Poda nyingi ikaishia majini. Nikajificha nyuma ya makoti.

Binamu akaingia, akatundika mkoba wake begani mwangu, akasema, “Habari za asubuhi, we mtoto.”

Baadaye kidogo, maajabu. Sifongo akavimba taratibu, kisha akajikunyata. Amemminya! Kweli, muda wote Binamu alikuwa upande wa pili wa chumba akiosha vioo, nilimwona kwa macho yangu. Hapo ndipo ujanja wake ulipo.

Daktari akaja kuangalia. Akasema ni chafya. Sifongo akiingiwa na vumbi huvimba na kujikunyata ili alitoe, na chafya moja yaweza kuchukua karibu saa nzima. Akauliza vumbi limetoka wapi. Nilimkazia macho Binamu. Mikono yangu ilikuwa na poda mpaka viwikoni.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Asubuhi nilichora mstari wa nne. Saa tano Daktari akaiona yote. Akauliza, “Nani kachora hivi?”

Nimechafua tangi, nimekwisha. Ndipo mimi, ambaye salamu tu hunishinda, nikatoa sauti iliyosikika hadi ukumbini: “Binamu!”

Binamu akageuka kuniangalia. Daktari akampa mkono! Akasema amekuwa akitafuta mtu wa kumpima sifongo huyu kwa bidii namna hii. Kumbe hutambaa. Seli zake hujisogeza, mwili mzima ukafuata, milimita moja, mbili, tatu kwa siku. Na hapa pana tarehe na saa, safi kabisa. Nafasi ni ya Binamu.

Niliomba ruhusa kwenda chooni. Nikakaa huko mpaka saa kumi.

Mama anatafuta rangi yake ya kucha.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Binamu kaja nyumbani. Jana jioni alirudi kwa Daktari akamwambia mistari si yake, zile namba saba zenye mkia kwenye tarehe ni mwandiko wangu, na yeye rangi ya kucha hana. Mama akauliza, “Rangi gani?” Tukaangalia dari.

Daktari kaamua tubaki wote wawili, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Mimi nitasugua matangi mwezi mzima kwa sababu ya ile “Binamu!” yangu. Binamu akasema siku nyingine nimuulize tu, hang'ati.

Nikasema, “Asante, Dada.” Imenitoka yenyewe.

Lakini mtu aliyekwisha kupata nafasi nzima, kwa nini akaitoe nusu? Nimewaza mchana kutwa.

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Nimebadilika. Sifongo hutembea mwenyewe, hasukumwi na mtu, na Dada ni mtu mwema. Nimemwomba msamaha kwa maneno kamili, karibu sentensi mbili.

Saa nane, zamu yangu ya mchana ilipoanza, nimepima. Sifongo hajasogea hata unywele.

Binamu ndiye aliyefika wa kwanza. Kwa nini anamzuia?